Kupamba Nyumba kwa Kitambaa cha Kupangusa: Gharama Ndogo, Tahadhari Kubwa

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo ya afisa wa uchumi wa nyumbani na vikundi vya akina mama na vijana katika Kaunti ya Kilifi. Tunayachapisha kwa faida ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kukaa pamoja. Najua kuna aliyeacha shamba, aliyefunga kibanda chake mapema, na aliyemwachia jirani watoto. Kwa hivyo nitajitahidi kila mmoja aondoke hapa na jambo la kufanya nyumbani kwake.

Leo tunazungumzia vile vitambaa vilivyopakwa plastiki upande wa juu, ambavyo ukimwagikiwa na chai unapangusa na kazi imekwisha. Majina yake ni mengi. Kuna anayesema nailoni ya meza, kuna anayesema kitambaa cha mpira, na vile vizito vya kuvalisha viti na makochi tunaviita rekisini. Madukani vinauzwa kwa mita, vikiwa na maua, miraba, matunda, na hata vinavyofanana na mbao au marumaru.

Vitambaa hivi vimeingia karibu kila nyumba, kuanzia nyumba za kupanga za Mtwapa na Malindi hadi nyumba za udongo na makuti kule Ganze na Magarini. Mtu mwenye kipato kidogo anavipenda kwa sababu anaweza kubadilisha sura ya chumba kwa siku moja, bila fundi wa rangi na bila kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa ukuta. Hilo ni jambo jema. Kuishi mahali panapopendeza si anasa ya matajiri peke yao. Lakini kitambaa hicho hicho kikiwekwa pasipofaa kinaweza kuleta moto, kinaweza kuziba hewa, na kinaweza kumdhuru mtoto mchanga. Basi tutazungumza mapambo na usalama kwa pamoja, maana mambo haya mawili hayatenganishwi.

Zijue aina zake kabla ya kutoa pesa

Aina ya kwanza ni nailoni tupu, nyembamba, isiyo na kitambaa nyuma. Hii ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Inateleza mezani, inapasuka kwenye pembe, na ikikaa juani inakauka na kukatika kama jani kavu.

Aina ya pili ina plastiki juu na kitambaa chini. Igeuze uone mgongo wake. Ukiona nyuzi zilizofumwa au manyoya laini kama ya blanketi, hiyo ni imara zaidi. Haitelezi ovyo, na inastahimili kuvutwa. Hii ndiyo ninayowashauri mwichague kwa meza ya kila siku.

Aina ya tatu ni rekisini. Ni nzito, inanyumbulika, na imetengenezwa kwa ajili ya kukaliwa. Inafaa kwa viti, stuli na mito ya benchi. Kwetu Pwani mnajua tabia yake: mchana wa joto inamng'ang'ania mtu mapajani. Ndiyo maana wengi hutandika leso juu yake, na si kosa. Rekisini inalinda sponji isiloe, na leso inapokea jasho kisha inafuliwa.

Aina ya nne ni pamba yenye utando mwembamba wa plastiki juu. Ni laini, inashoneka vizuri, na inafaa kwa aproni na vifuko. Si kila duka linayo, na bei yake huwa juu.

Kisha kuna vile tulivyo navyo nyumbani bila kujua thamani yake. Magunia mengi ya mchele na ya chakula cha mifugo siku hizi yamefumwa kwa nyuzi za plastiki na kupakwa utando unaong'aa. Ukiyafumua mshono, ukayaosha na kuyaanika kivulini, yanafaa kwa mfuko wa sokoni au kwa kulinda rafu ya stoo. Mabango ya matangazo yakishatumika pia ni kitambaa cha namna hii. Omba kwa mwenyewe, usiyang'oe barabarani. Yatumie kufunika kuni au kutandika chini ya mitungi, wala usiyaweke mahali chakula kinapogusa, kwa sababu rangi zake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Unapokuwa dukani fanya majaribio matatu madogo. Kwanza, kunja pembe kwa nguvu kisha iachilie. Ikibaki na mstari mweupe au ufa, hiyo itakatika haraka. Pili, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua upande wenye maua. Rangi ikitoka, irudishe. Tatu, inuse. Plastiki mpya ina harufu, lakini ikiwa ni kali hata inauma macho, tafuta nyingine. Na hata ile uliyoichagua, ianike nje kivulini siku moja au mbili kabla ya kuiingiza chumba cha kulala watu.

Hesabu ya mita na hesabu ya shilingi

Akina mama, pesa nyingi hupotea dukani kwa sababu mtu ameenda bila vipimo. Anamwambia muuzaji, "Nikatie ya meza," naye muuzaji anakata anavyoona yeye. Pima nyumbani. Kama huna futi ya fundi, tumia kamba, kisha uipeleke dukani ikapimwe.

Tuchukue meza yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 75. Unataka kitambaa kining'inie sentimita 20 kila upande. Urefu unakuwa 120 na 40, yaani 160. Upana unakuwa 75 na 40, yaani 115. Vitambaa hivi kwa kawaida huwa na upana wa karibu sentimita 140. Kwa hivyo utanunua mita moja na sentimita 60, na utabakiwa na kipande cha urefu wa sentimita 160 na upana wa karibu 25. Usikitupe. Hicho ni kitandiko cha rafu ya vyombo, tena rangi yake itafanana na meza. Chumba kitaonekana kimepangwa na mtu aliyefikiria, na hukuongeza hata shilingi moja.

Sasa viti. Kiti chenye mraba wa sentimita 40 na sponji ya unene wa sentimita 5 kinahitaji kipande cha sentimita 60 kwa 60, ukihesabu pande za sponji na sentimita 5 za kukunja chini. Kwenye upana wa 140 vipande viwili vinakaa sambamba. Basi viti vinne ni mita moja na sentimita 20, na viti sita ni mita moja na sentimita 80. Nenda dukani na namba hizo kwenye karatasi.

Kuhusu bei, msitazame bei ya mita peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, kuna kitambaa cha shilingi 300 kwa mita kinachodumu miezi 6, na kingine cha shilingi 600 kinachodumu miezi 24. Cha kwanza kinakugharimu shilingi 50 kila mwezi kwa mita. Cha pili kinakugharimu shilingi 25. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa hesabu inawaunga mkono. Kama hizo 600 hazipo leo, afadhali ununue meza peke yake ya kitambaa kizuri, na viti vingoje zamu yako ya chama, kuliko kununua vyote vibaya na kuvirudia baada ya miezi michache.

Tena kuna hesabu ya maji. Katika wadi ambazo maji yananunuliwa kwa mtungi wa lita 20 au yanafuatwa mbali, kitambaa cha pamba cha mezani kinakula maji kila kinapofuliwa. Hiki cha kupangusa kinataka kopo la maji ya sabuni na kopo la kusuuzia. Wewe mwenyewe weka bei ya mtungi kwenu, uzidishe kwa mara unazofua kwa mwezi, uone.

Mapambo yanayofaa chumba kidogo

Wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja au viwili. Kosa la kawaida ni kuchanganya maua makubwa mezani, maua mengine kwenye pazia, na mengine tena kwenye viti. Chumba kinaonekana kimejaa kabla hakijajaa. Chagua kitu kimoja kiwe na maua. Kama ni meza, basi viti viwe vya rangi moja iliyomo katika maua hayo. Chumba chenye giza kisaidie kwa rangi nyepesi, maana plastiki yenye kung'aa inarudisha mwanga. Chumba kinachopigwa na jua kali weka mbali na dirisha, kwa sababu jua linafifisha rangi na kukausha plastiki.

Kama una leso nzuri iliyochanika pembeni na hutaki kuitupa, itandike mezani, kisha juu yake weka nailoni safi isiyo na rangi. Pindo na jina la leso vitaonekana, na mchuzi hautaigusa. Hivyo hivyo kwa vitambaa vya kufuma kwa mkono ambavyo kila mara vinaliwa na vumbi. Hapa mnatumia nailoni nyembamba bila hasara, maana uzuri uko chini yake.

Nyuma ya meza ya kula, pale ukuta unapochafuliwa na mikono ya watoto, ning'iniza kipande cha nusu mita kwenda juu. Nasema ning'iniza, sikusema bandika, na sababu nitaieleza. Kwenye rafu, acha kitambaa kishuke mbele kidogo kama pindo, ukikate kwa mawimbi. Hakina haja ya kupindwa, kwa sababu aina nyingi hazichanuki nyuzi ukingoni.

Kushona na kuvalisha

Kwa wenye cherehani, kitambaa hiki kina adabu yake. Usikishike kwa pini katikati, kwa sababu tundu la pini halifungiki tena. Tumia vibanio vya nguo. Mshono uwe mrefu, milimita 3 hadi 4, maana mishono iliyosongamana inakata plastiki kama stempu. Uzi wa polyester unastahimili unyevu kuliko wa pamba. Mguu wa cherehani ukinata juu ya plastiki, bandika selotepu chini ya mguu huo, au weka karatasi nyembamba juu ya mshono kisha uichane ukimaliza. Na usipige pasi upande wa plastiki. Mikunjo inaondoka yenyewe ukikitandika mahali pa joto la kawaida kwa siku moja au mbili. Ukikiweka stoo, kizungushe kama mkeka badala ya kukikunja.

Kuvalisha kiti, anza katikati ya kila upande, vuta, gonga misumari midogo au stepla, kisha malizia pembeni. Ukianza pembeni, kitambaa kitapinda. Ukitumia gundi ya viatu, fanya kazi nje au milango ikiwa wazi, mbali na moto na mbali na watoto. Mvuke wa gundi hiyo unawaka na unalevya.

Moto: sehemu ya kusikiliza kwa makini

Sasa naomba tusikilizane. Plastiki hii inaanza kulegea kwenye joto lililo chini ya lile la maji yanayochemka. Sufuria iliyotoka motoni sasa hivi ina joto zaidi ya hapo. Kwa hivyo kila meza yenye kitambaa hiki iwe na kitu cha kuwekea sufuria: kibao, mkeka mdogo wa ukindu, au kata ya nguo. Hilo ni la kulinda kitambaa.

La kulinda maisha ni hili. Kitambaa kikishika moto kinayeyuka na kudondoka kikiwaka, na moshi wake una gesi kali inayochoma macho na kifua. Katika nyumba ya mabati iliyozungushiwa vitambaa ndani, au ya makuti, moto hautoi nafasi ya kutafuta viatu. Basi acheni angalau mita moja kati ya kitambaa na kila kitu chenye moto. Nataja majina ili asije mtu akasema hakuambiwa: jiko la makaa, jiko la mafuta ya taa, mtungi wa gesi na kichoma chake, koroboi, mshumaa, dawa ya mbu ya kuchoma, pasi ya makaa, na chetezo cha ubani. Chetezo kinasahaulika sana, kwa sababu tunakiona kama pambo.

Mahali pa jiko pawe na sakafu tupu, ya saruji au udongo. Mkeka wa plastiki uishie mbali na hapo. Dirisha la karibu na jiko lisiwe na pazia la plastiki linalopeperushwa na upepo. Na kitambaa chochote kisizibe mlango wala kisizuie komeo kufunguka usiku.

Mtu akiungua, mwageni maji safi ya baridi ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Plastiki iliyoganda kwenye ngozi msiibandue. Endeleeni kumwagia maji, kisha mpelekeni kituo cha afya.

Hewa na unyevu

Nilisema ning'iniza, usibandike. Plastiki haipitishi hewa wala unyevu. Ukiibandika ukuta mzima wa udongo, unyevu unanaswa nyuma. Baada ya muda unapata ukungu mweusi, udongo unalegea, na kunguni na mchwa wanapata mahali pa kujificha. Ukining'iniza kipande kwa fito juu, unaweza kukiinua kila juma, ukapangusa nyuma na kutazama ukuta wako.

Jambo la hatari zaidi ni kuziba matundu. Kuna wanaofunika ukuta wa mabati hadi juu, wakaziba nafasi kati ya ukuta na paa ili vumbi na mbu wasiingie. Nia ni njema. Lakini usiku wa mvua mtu akiingiza jiko la makaa ndani, gesi ya sumu ya makaa haina pa kutokea. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma na usingizi mzito, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Kwa hivyo nafasi ya juu iacheni wazi, mkitaka zuieni mbu kwa wavu unaopitisha hewa na chandarua kitandani. Na jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala, liwe limewaka vizuri au limebaki makaa tu.

Watoto na wazee

Kifuniko cha godoro cha plastiki ni msaada mkubwa kwa mtoto anayekojoa usiku, na kwa mgonjwa au mzee aliye kitandani. Kinaokoa godoro, na godoro ni pesa nyingi. Lakini kiwe kizito, chenye kitambaa mgongoni, kifungwe barabara chini ya godoro, na juu yake kitandikwe shuka la pamba lililokazwa. Mtoto mchanga asilazwe kabisa karibu na nailoni nyembamba iliyo huru. Inaweza kumfunika pua na mdomo, na yeye hana nguvu ya kuiondoa. Mgonjwa wa kitandani ageuzwe mara kwa mara, kwa sababu jasho chini ya plastiki linaharakisha vidonda.

Mtoto wa kutambaa hushika pindo la kitambaa cha meza na kulivuta. Kama juu kuna chupa ya chai, yote yanamwangukia yeye. Nyumba yenye mtoto wa umri huo, kitambaa kisining'inie. Kikunje chini na ukifunge kwa mpira au vibanio. Na mkeka wa plastiki sakafuni ukiloa unateleza. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, gharama yake haiwezi kulinganishwa na uzuri wa mkeka. Pangusa maji mara moja, na kingo zilizonyanyuka uzibane chini.

Usafi: kupangusa si kusafisha

Kitambaa hiki kina sifa ya usafi, lakini sifa hiyo inategemea mkono wa mwenye nyumba. Ukipangusa meza kwa dasta iliyoshinda na maji machafu tangu asubuhi, unasambaza uchafu tu, na meza itang'aa huku imebeba maradhi. Tunakumbuka kipindupindu kilivyotangazwa nchini mwezi wa Oktoba 2022 na kuendelea mwaka uliofuata. Wenye vibanda vya chakula, hili linawahusu sana.

Utaratibu ni huu. Ondoa makombo. Osha kwa maji ya sabuni. Suuza. Acha pakauke. Dasta ifuliwe kila siku na ianikwe juani. Palipotapikwa au palipogusa kinyesi, baada ya kuosha tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wala usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu mchanganyiko unaweza kutoa hewa ya sumu. Msisugue kwa waya wa sufuria, na msitumie mafuta ya taa, petroli au thina. Vinaharibu utando wa juu, na hapo uchafu unapata makao. Doa la manjano lipanguse haraka. Likibaki, jua la muda mfupi hulififisha.

Chakula chenyewe kisiwekwe moja kwa moja juu ya kitambaa. Unga wa chapati na mahamri usukumwe kwenye kibao. Samaki na nyama vikatwe kwenye ubao wake. Plastiki laini hulainishwa kwa kemikali ambazo mafuta na joto huzitoa, na baadhi yake zimewekewa mipaka katika nchi kadhaa kwa vitu vya watoto. Kisu nacho kinaacha mikwaruzo isiyosafishika. Kitambaa kikishapasuka-pasuka, hakifai tena mezani.

Kikichakaa

Kitambaa cha meza kikichakaa, kata sehemu nzuri kwa rafu. Cha rafu kikichakaa, kitandike chini ya mitungi, au kiwe cha kufungia vitabu vya shule siku za mvua. Kikifika mwisho, kitupwe na taka. Naomba sana msikichome, na hasa msikitumie kuwashia jiko. Najua kipande cha plastiki kinashika moto upesi kuliko kuni. Lakini moshi wake una sumu, na anayeuvuta wa kwanza ni yule aliyeinama akipuliza, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni.

Kwa vikundi vinavyotaka kazi

Mwisho, kuna vikundi vilivyouliza kama hii inaweza kuwa biashara. Inaweza, mkianza kidogo. Nunueni kwa pamoja, maana anayechukua mita nyingi hupunguziwa. Mtaa wa Biashara kule Mombasa unajulikana kwa vitambaa na leso, lakini ongezeni nauli kwenye hesabu kabla ya kusema ni rahisi kuliko hapa kwetu. Anzeni na vitu vya kupimika: aproni za wauza chakula, vifuniko vya stuli, mikoba ya sokoni ya magunia, vifuniko vya godoro. Andikeni kila mita iliyoingia na kila kitu kilichotoka. Na mnapouza, mwambieni mnunuzi asiweke sufuria ya moto na asisogeze karibu na jiko. Mteja aliyeelezwa ukweli atarudi.

Nawaomba kila mmoja akifika nyumbani leo, kabla ya kupanga kununua chochote, apite chumbani mwake na kamba yenye urefu wa mita moja. Asimame pale jiko linapowashwa, pale koroboi linapowekwa, pale chetezo kinapotoa moshi. Azungushe kamba. Kila kitambaa kinachoguswa na kamba hiyo akiondoe. Halafu atazame juu aone kama hewa ina pa kupitia. Kazi hiyo haina gharama, na inaweza kufanyika kabla ya magharibi.

Mwenye swali zaidi, au kikundi kinachotaka kufundishwa kushona na kupima, afike ofisi ya wadi yake aombe kuonana na afisa wa uchumi wa nyumbani. Tutapanga siku tuwafikie.